Kulingana kwa viungo si kipimo cha ubora wa mja

Katika mihadhara mingi ya kuthibitisha kuwepo kwa Allah (s.w.), hoja moja hurudiwa mara kwa mara. Mhadhiri huwaambia wasikilizaji wajitazame. Macho mawili, masikio mawili, mikono miwili, miguu miwili, na upande wa kulia umelingana na wa kushoto kana kwamba mtu amekunjwa katikati kama karatasi. Kisha huuliza: Ni nani aliyepima? Bahati nasibu inaweza kupima?

Hoja hii ina nguvu, na msingi wake umo ndani ya Qur'an. Katika Suratul-Infitaar (82:6-8) mwanadamu anaulizwa ni kitu gani kilichomghuri hata akamsahau Mola wake, ambaye ndiye aliyemuumba, akamsawazisha na kumlinganisha. Sisi tunaofundisha Maarifa ya Uislamu mashuleni tunaitumia aya hii sana, na wanafunzi huielewa haraka kwa sababu ushahidi wanao mwilini mwao.

Lakini hebu tufikiri, ndugu msomaji. Katika darasa hilo hilo amekaa kijana aliyezaliwa na mkono mmoja mfupi. Naye anasikiliza. Akiambiwa kuwa kulingana kwa mikono ni dalili ya kuwepo Muumba, yeye ni dalili ya nini? Wapo wakanushaji wanaolitumia swali hili kupinga dini. Na wapo wengi zaidi, miongoni mwetu sisi Waislamu, ambao hawalitamki ila wanalijibu kwa vitendo: wanamficha mtoto chumba cha nyuma wageni wanapobisha hodi, hawampeleki madrasa, na akikua hawamposi wala hawamwozeshi.

Kwa hiyo swali si dogo. Je, kulingana kwa viungo ndiyo ukamilifu? Na ambaye viungo vyake havikulingana, amepungukiwa kitu mbele ya Mola wake?

Wanyama wanatufundisha nini

Tuanze na wanyama, maana Qur'an yenyewe inatutaka tuwatazame. Waislamu wa zamani walifanya hivyo. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki mwaka 255 Hijria, aliandika kitabu kikubwa, Kitabul-Hayawan, juu ya maisha ya wanyama. Na jina hilo la Al-Jahiz alipewa kwa sababu ya macho yake yaliyotokeza nje.

Wataalamu wa elimu ya viumbe huwagawa wanyama, kwa kutazama umbo, katika mafungu makubwa matatu. Fungu la kwanza ni la wasiokuwa na ulinganifu wowote. Sifongo wengi wa baharini wako hivi. Hana kichwa, hana mbele wala nyuma, hana kulia wala kushoto. Amejishika mwambani, maji yanapita katika matundu ya mwili wake, naye anachuja chakula humo.

Fungu la pili ni la wanyama wa mviringo. Aliyewahi kushuka Tanga akatembea ufukweni maji yakiwa yamekupwa, amemwona kiti cha pweza mwenye mikono mitano, na pengine amewahi kuwashwa na konyeza. Hawa wamelingana kuzunguka kitovu kimoja kama gurudumu. Sababu yake inaeleweka. Konyeza huelea, na kiti cha pweza hutambaa polepole sana, kwa hiyo chakula na adui huweza kuwajia kutoka pande zote. Kiti cha pweza hahitaji kugeuka. Mkono wowote kati ya mitano unaweza kutangulia.

Fungu la tatu, ambalo ndilo kubwa kuliko yote, ni la wenye pande mbili, kulia na kushoto. Humo yumo ng'ombe, kuku, panzi, nyoka, kinyonga wa misitu yetu ya Usambara, na humo yumo mwanadamu. Hawa ni wanyama wa kwenda mbele. Mwenye kwenda mbele anahitaji kichwa kitangulie, kikiwa na macho na mdomo, na anahitaji pande mbili zenye uzito sawa ili anyooke. Mtumbwi wenye ubavu mmoja mzito huzunguka pale pale.

Ukiyatazama mafungu haya matatu utaona jambo moja. Ulinganifu haukugawiwa kama tuzo, aliye bora akapewa mwingi na aliye duni akanyimwa. Kila kiumbe amepewa umbo linalofaa kwa mwendo wake na mahali pake. Katika Suratun-Nuur (24:45) Allah (s.w.) anawataja viumbe waendao kwa matumbo, waendao kwa miguu miwili na waendao kwa minne, na anamalizia kwa kueleza kuwa Yeye huumba atakacho. Hakumlaumu aendaye kwa tumbo.

Walioumbwa bila kulingana

Tusonge mbele kidogo. Hata katika fungu hilo la tatu wamo ambao pande zao hazilingani, na kutolingana huko ndiko kunakowapa riziki.

Kwenye tope la mikoko pwani yetu kuna kaa wadogo ambao dume ana gando moja kubwa mno na jingine dogo. Gando kubwa hulipunga kumwita jike na hulitumia kupigana na madume wenzake. Kwa lile dogo anakula.

Yuko samaki anayeitwa gayogayo. Akianguliwa huwa kama samaki wengine, jicho moja kila upande. Anapokua, jicho moja huhama, likavuka kichwa na kukaa upande mmoja na mwenzake. Kisha samaki huyo hulala ubavu juu ya mchanga wa chini ya bahari, macho yote mawili yakitazama juu. Kama jicho lingebaki lilipokuwa, lingezikwa mchangani maisha yake yote.

Na yuko bundi, ambaye akilia juu ya paa watu wetu hukosa usingizi wakisubiri msiba. Aina ya bundi mwenye uso mweupe mfano wa moyo ana tundu la sikio moja lililo juu kidogo kuliko la pili. Mlio wa panya unayafikia masikio hayo kwa tofauti ndogo sana, na kwa tofauti hiyo bundi anajua panya yuko chini au juu, kulia au kushoto. Anaweza kumdaka katika giza totoro. Masikio yake yangelingana sawasawa, asingeweza.

Tusiende mbali, turudi kwenye miili yetu. Ulinganifu tunaojivunia ni wa nje tu. Ndani, moyo umeelemea kushoto. Ini liko kulia. Bandama liko kushoto. Pafu la kulia lina sehemu tatu, la kushoto mbili. Mwaka 1998 watafiti wa Japani walionyesha, kwa kuchunguza mimba changa za panya, kuwa kuna vijinywele vidogo sana vinavyozunguka na kusukuma majimaji kuelekea kushoto, na mkondo huo ndio unaoamua upande upi uwe wa kushoto. Na takriban mtu mmoja kati ya 10,000 huzaliwa viungo vyake vya ndani vikiwa vimegeuka vyote, moyo kulia na ini kushoto, na wengi wao huishi kwa afya bila hata kujua.

Sasa, kama ukamilifu ni kulia kufanana na kushoto, basi kifua cha kila mmoja wetu kina kasoro, akiwemo mhadhiri mwenyewe.

Aya ya nane

Hapa ndipo tunapotakiwa kuisoma upya ile Suratul-Infitaar. Wengi wetu tukishafika aya ya 7, penye kusawazishwa na kulinganishwa, tunasimama na kuanza kuhesabu macho na mikono. Lakini maneno hayakwishia hapo. Aya ya 8 inafuata mara moja, na inaeleza kuwa Allah alimuunganisha mwanadamu katika sura yoyote aliyoitaka Yeye. Maana hiyo hiyo imo katika Suratu Aali Imraan (3:6), kwamba Yeye ndiye anayetutengeneza matumboni mwa mama zetu kama apendavyo.

Basi kusawazishwa kwa aya ya 7 hakuwezi kuwa na maana ya kumtoa mtu aliyetajwa katika aya ya 8. Mwenye mkono mfupi naye ameunganishwa katika sura aliyoitaka Mola wake. Anaambiwa maneno yale yale kama sisi.

Tena tulitazame neno lenyewe. Kulinganisha kunakotajwa katika aya hiyo kumetoka katika asili moja na neno adl, ambalo kwa Kiswahili limetupatia adili na uadilifu. Na wanazuoni wamelieleza adl kuwa ni kukiweka kila kitu mahali pake panapostahiki. Hawakusema ni kuvifanya vitu viwili vifanane. Kadhi anayegawa mirathi kwa uadilifu hampi kila mtu fungu sawa na mwenzake. Anampa kila mmoja haki yake. Moyo kushoto na ini kulia ni adl. Gando kubwa la kaa ni adl.

Atapinga msomaji makini: "Mwalimu, kaa wote madume wako hivyo, na gando hilo linawafaa. Mkono mfupi wa mtoto unamfaa nini?" Ni kweli. Sisemi kuwa kila ulemavu una faida iliyofichika ambayo tukiitafuta tutaiona. Mtu asiyeweza kushika jembe kwa mikono miwili katika miteremko ya Vuga anapata taabu, na kumwambia kuwa taabu yake ni faida ni kumkebehi. Ninachosema ni kuwa wanyama wanatuondolea dhana moja potofu, ile ya kudhani kuwa kulingana ndilo lengo la uumbaji. Si lengo. Ni chombo, ambacho mwingine amepewa na mwingine hakupewa.

Lengo limetajwa kwingine. Katika Suratul-Mulk (67:2) tunaelezwa kuwa mauti na uhai viliumbwa ili tujaribiwe, ijulikane nani kati yetu mwenye vitendo vizuri zaidi. Ni vitendo, si umbo. Na katika Suratul-Furqaan (25:20) tunaelezwa kuwa baadhi yetu tumefanywa mtihani kwa wengine. Huwa tunasema haraka kuwa mlemavu yuko katika mtihani. Tunasahau kuwa jirani yake naye yuko ndani ya chumba cha mtihani huo huo, na pengine karatasi yake ndiyo ngumu zaidi.

Kigego aliyetawala Vuga

Sisi wa milimani tuna ushahidi wetu. Masimulizi ya Wakilindi, ambayo Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemy aliyaandika katika Habari za Wakilindi, yanaeleza kuwa Mbegha alikuwa kigego. Alipokuwa mchanga meno ya juu yalitangulia kuota kabla ya ya chini. Kwa mila za wakati ule mtoto wa namna hiyo alionekana ni mkosi wa kuwamaliza ndugu zake, na vigego waliuawa. Yeye alinusurika kwa mapenzi ya wazazi wake. Lakini walipokwisha kufa, ndugu wakamsingizia uchawi wa meno yake na wakamnyima urithi. Akahama, akawa mwindaji, na mwisho wa safari akafika Usambara. Watu wakamwona anavyogawa nyama na anavyoamua magomvi, wakampa utawala, na makao makuu yakawa hapa Vuga. Uzao wake ndio aliotoka Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862 na ambaye amri yake ilifika hadi pwani.

Mbegha hakuwa Mwislamu, na riziki yake ilikuwa nguruwe mwitu. Hatumtaji kama kigezo cha dini. Tunamtaja kwa sababu habari yake inatuhukumu. Watu wa kwao walimpima kwa mpangilio wa meno. Watu wa Usambara walimpima kwa matendo. Ni wapi waliofaidika? Na vigego wangapi wengine waliuawa, ambao hatutajua kamwe wangekuwa nani? Qur'an inatukumbusha katika Suratut-Takwiir (81:8-9) kuwa mtoto wa kike aliyezikwa akiwa hai ataulizwa Siku ya Kiyama ameuawa kwa dhambi ipi. Mtoto aliyeuawa kwa sababu ya meno naye ana swali la namna hiyo.

Uislamu ulikuja kuing'oa mizizi ya mambo haya. Mtume (s.a.w.) alikataza itikadi ya mikosi. Masahaba walipocheka wembamba wa miguu ya Abdallah bin Mas'ud (r.a.), aliwaambia kuwa miguu hiyo katika mizani ni mizito kuliko mlima Uhud. Abdallah bin Ummi Maktum (r.a.), aliyekuwa kipofu, aliadhini Madina pamoja na Bilal (r.a.), na Mtume alipotoka safari aliwahi kumwachia mji. Na baada ya masahaba alikuwepo Makka mwanachuoni Ataa bin Abi Rabaah, ambaye wanahistoria wamemwelezea kuwa alikuwa mweusi, chongo, kiguu, mwenye mkono uliopooza, na mwisho akawa kipofu kabisa. Hakuna upande wa mwili wake uliolingana na wa pili. Lakini mahujaji wa dunia nzima walielekezwa kwake kuuliza masuala ya Hijja, na khalifa wa Bani Umayya alikaa mbele yake kama mwanafunzi.

Mbona mnyama wa kuchinja?

Ipo hoja moja ambayo huletwa, na si vizuri kuikwepa. Husemwa: Mbona sharia yenyewe inakataa mnyama mwenye kasoro katika Udh-hiya? Kama ilivyopokewa kutoka kwa Al-Baraa bin Aazib (r.a.), hafai mnyama chongo aliye dhahiri, mgonjwa, kiguu wala aliyekonda mno. Je, si dalili kuwa Allah hapendi kilema?

La, si dalili ya hilo. Sharti hilo linamhusu mtoaji na halimlaumu mnyama. Mwanadamu ana tabia ya bakhili: akitakiwa kutoa, hutafuta zizini yule asiyeuzika. Sharia ikamfungia njia hiyo. Mbuzi kiguu hakutenda kosa, na nyama yake ni halali kuliwa siku yoyote. Isitoshe, mbuzi ni mali na ana bei. Mwanadamu hana bei. Amekirimiwa kwa kuwa ni mwana wa Adam (17:70), na aliye mtukufu zaidi mbele ya Allah ni mcha Mungu zaidi (49:13). Anayemtazama mwanawe kwa jicho la kununulia mbuzi wa Idi amechanganya mlango wa mali na mlango wa utu.

Kuridhika si kuacha tiba

Wapo pia wanaovuka upande wa pili. Mtoto amezaliwa mguu umepinda kuelekea ndani, wao wanasema ni kazi ya Mungu isiguswe. Huku nako ni kukosea. Mtume (s.a.w.) aliamrisha watu wajitibu. Sahaba Arfaja (r.a.), aliyekatika pua vitani, alitengeneza pua ya fedha ikawa inanuka, na Mtume akamwambia atengeneze ya dhahabu, ingawa dhahabu ni haramu kwa wanaume kujipamba. Kurekebisha kinachomtaabisha mtu si kubadili maumbile ya Allah kunakokatazwa.

Na mguu huo una tiba. Kwa njia ya daktari Ignacio Ponseti wa Marekani, mguu wa mtoto mchanga hunyooshwa kidogo kidogo na kufungwa plasta inayobadilishwa kila wiki kwa wiki kadhaa, kisha mtoto huvalishwa viatu maalumu, na mara nyingi hakuna haja ya upasuaji mkubwa. Hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, ni miongoni mwa zinazotoa huduma hiyo. Lakini inafaa zaidi mtoto akiwahishwa mapema. Miezi anayofichwa ndani kwa aibu ndiyo miezi ambayo mguu ungenyooka.

Vivyo hivyo katika ndoa. Binti anaachwa kwa sababu kaka yake ni mlemavu, husemwa ukoo ule una mkosi. Yapo maradhi yanayorithiwa, na daktari ndiye wa kuulizwa. Lakini si kila tofauti ya mwili hurithiwa. Mwaka 2016 huko Uingereza alipatikana konokono ambaye kombe lake limejipinda kushoto, jambo la nadra mno. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nottingham wakamtafutia wenzake wa kushoto. Mwaka 2017 akapata watoto, na wote wakatoka wamejipinda kulia kama konokono wa kawaida.

Tufanye nini

Kwanza, wahadhiri na walimu tuendelee kuitumia aya ya 7 ya Suratul-Infitaar, lakini tuisome pamoja na ya 8. Tuwaambie wanafunzi kuwa dalili ya Muumba si kufanana kwa kulia na kushoto, bali ni kila kiumbe kuwekwa mahali pake. Kwa maelezo hayo kijana mwenye mkono mfupi hatoki nje ya hoja.

Pili, tuangalie majengo yetu. Milima hii ina misikiti na madrasa nyingi, na nyingi zimejengwa juu ya ngazi za mawe. Ni ngapi ambazo mtu wa magongo anaweza kuingia bila kubebwa? Irente, hapo Lushoto, Walutheri wana shule ya watoto wasioona tangu miaka ya 1960. Sisi tunaomsoma Ibn Ummi Maktum katika Suratu Abasa tuna ngapi? Swali hili si la kuwaonea wivu majirani. Ni la kujiuliza wenyewe.

Tatu, mtoto wa namna hii akizaliwa, ndugu na majirani waende kumpongeza mama kama wanavyowapongeza wengine, afanyiwe akika, apewe jina zuri, na jamaa wachange nauli ya hospitali kama inahitajika.

Allah (s.w.) atujaalie tuwatazame waja wake kwa kipimo chake, maana Mtume wake (s.a.w.) ametufahamisha kuwa hatazami sura zetu wala miili yetu, bali nyoyo na amali zetu. Wallahu a'lam.